Pilipili Isiyowasha ya Mjomba Kamasi

Mjomba wangu anaitwa Kamasi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ana kibanda cha chakula mkabala na gereji, na hauzi kitu ambacho hajakionja. Siku moja akaonja pilipili yake mbele ya wateja, pua ikafunguka kama bomba bovu. "Mpishi, kamasi hizo!" fundi mmoja akapiga kelele. Basi, imeisha hiyo. Siku hizi hata mkewe akipiga simu anauliza, "Kamasi, umekula?"

Sasa tumbo likagoma. Daktari akamwambia ana vidonda, pilipili mwisho. Ona balaa hilo: asipoonja, hauzi, asipoiuza, mafundi wanahamia kibanda cha jirani. Maana wale hawafuati chakula, wanafuata ubingwa. Mtu anajimwagia pilipili, machozi yanamtiririka, kisha anatangaza, "Mbona haiwashi?"

Mjomba akajaribu rojo la nyanya tupu. Fundi Gia, bingwa wao, akasukuma sahani. "Kamasi, umeanza kulea? Chakula cha mtoto mchanga hiki!"

Akarudi jikoni. Akachoma hoho nyekundu, zile zisizowasha, kwenye mkaa mpaka maganda yakawa meusi, akazimenya, akazisaga na kitunguu saumu cha kuchoma na bizari nyembamba. Ikatoka rangi ya kutisha, inanukia moshi. Akaonja. Pua kavu! Akaitia kwenye chupa ileile ya pilipili kali, yenye picha ya fuvu, akaiweka mezani kama kawaida.

Fundi Gia akamimina. Akatafuna. Akasubiri kidogo.

"Mbona haiwashi?"

"Toka hapa, wewe kila siku haiwashi!" fundi mwingine akamjibu. Wenzake nao wakamimina.

"Kwangu ndo kabisa!"

Kwa mara ya kwanza gereji nzima ilisema ukweli, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Kila mmoja alijua kimoyomoyo kwamba ni yeye tu aliyekomaa.

Jumapili Fundi Gia akaenda ukweni, kifua mbele. Akajipakulia pilipili kama mboga, mama mkwe anamwangalia tu. Jumatatu akaja hana sauti.

"Kamasi," akanong'ona, "wale watu wanaweka sumu. Pilipili safi iko kwako tu. Niongezee, kaka."

Mjomba akamwongezea, uso mkavu kama pua yake. Jirani bado anasubiri wateja. Jina tu ndo limegoma kutoka.

Mkikutana na hao mafundi, mimi sijasema kitu. Haya, nanyi mwageni hapo chini: kwenu nani kapewa jina la aibu jikoni, na mliweka nini badala ya pilipili, wajuba wasishtuke?