Chupa za Pavla Kwenye Mizani

Albin Podgornik hakuwa mtu wa maneno. Miaka yote aliyoishi na Pavla, Pavla ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na nyumba haikupungukiwa. Mtu akimuuliza Albin habari za mgongo wake, Pavla alijibu. Daktari akiuliza, Pavla alijibu. Siku ya harusi padri alilazimika kumwomba bibi harusi anyamaze kidogo, ili bwana harusi aseme "ndiyo" mwenyewe.

Alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao. Shule aliiacha mapema, akapanda milimani kukata misonobari, kisha akashuka bondeni kwenye msumeno mkubwa. Msumeno ulimla kidole kimoja. Pavla, aliyekuwa mpishi wa kantini, alimfunga jeraha kwa kitambaa cha meza, akamgombeza njia nzima hadi hospitali kana kwamba kidole kilikuwa chake. Mwaka uliofuata walioana, na vile vilivyobaki vikawa vyake.

Walipostaafu walinunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko, na choo ambacho Albin alikiingia kinyumenyume. Kila Septemba waliteremka nalo hadi baharini, upande wa Kroatia, kwa mkulima aliyewaachia kivuli cha misonobari yake. Hapakuwa na umeme pale. Umeme ulitoka kwenye betri mbili zilizokaa chini ya benchi. Betri ya mbele, inayowasha injini, ilikuwa ya Albin. Hizo mbili za nyumba zilikuwa za Pavla, kwa sababu taa zilikuwa zake, pampu ya maji ilikuwa yake, na redio ndiyo kabisa. Wakati wa baridi, kila mwezi, alivuta waya kutoka dirisha la jikoni hadi kwenye gari, akazichaji. Albin alimwona tu akipita na waya.

Pavla alifariki Novemba. Baridi ile hakuna aliyevuta waya.

Agosti Albin alifungua benchi, akazikuta betri zimevimba kama mikate iliyozidishwa hamira. Akajaribu taa ya juu ya meza. Ikatoa mwanga wa njano, ikafikiri kidogo, ikazima.

Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba Septemba atakwenda baharini, mahali palepale, hata kama ni peke yake. Lakini tangu Pavla aondoke alikuwa halali gizani. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

Jirani yake Hinko alizisikia habari za betri kabla Albin hajazisema. Hinko alikuwa fundi wa matrekta kwenye chama cha ushirika, mtu mnene, mwenye maoni juu ya kila kitu chenye nati. Alipita kwenye uzio bila kubisha, akaziangalia zile betri, akavua kofia.

Jumapili ikawa baraza. Gorazd, mtoto wa pekee wa Albin, alikuja kutoka mjini kula supu ya nyama na baba yake, na Hinko akatokea wakati wa supu, kama kawaida yake. Hinko alitaka betri za jeli. Alisema aliwahi kuiweka jeli kwenye trekta fulani; trekta limekufa, mwenye trekta amekufa, betri ipo. Gorazd alitaka lithiamu.

"Baba, lithiamu ni nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja. Halafu inaongea na simu."

Albin akaacha kijiko hewani. "Inaiambia nini?"

"Hali yake. Imejaa, imepungua."

Hinko akasema shemeji yake naye hushinda akiiambia simu hali yake, na hajawahi kuwasha hata taa moja. Kisha akamuuliza Gorazd kama kweli anataka baba yake alale juu ya kitu kinachoweza kushika moto. Gorazd akasema hizi za sasa hazishiki moto. Hinko akasema hata nyumba ya shangazi yake ilikuwa haishiki moto. Wakaendelea hivyo mpaka supu ikapoa. Albin akala yake, akala na ya Gorazd.

Jumatatu Gorazd alikuwa kazini na Hinko alikuwa na gari, kwa hiyo jeli ikashinda. Dukani muuzaji, kijana mpole, alimuuliza Albin anataka betri zifanye nini. Televisheni? Hapana. Friji? La gesi. Sasa nini?

"Taa," Albin akasema.

"Taa ngapi, mzee?"

"Moja. Usiku kucha."

Muuzaji akamtazama kidogo, akaenda kuzileta. Wakatoka na mbili za jeli, kila moja nzito kama ndama aliyegoma kutembea. Hinko alizipandisha garini mwenyewe, akizisifu, huku uso umemwiva.

Kisha Albin akaanza kupakia chupa.

Chupa hizo zilikuwa za Pavla. Kila vuli alijaza stoo ya chini ya nyumba: bitiruti, pilipili hoho za siki, matango, jamu ya plamu. Zile za mwisho alizitengeneza akiwa tayari mgonjwa, ameketi kwenye kiti, akiwaelekeza watu kwa mwiko. Albin hakuwa amefungua hata moja. Alishuka stoo kila siku, akazitazama, akapanda akala mkate na soseji.

Lakini Gorazd alikuwa amechukua. Mwezi wa tatu alibeba chupa tatu za jamu, na Pasaka akarudisha mbili. Tupu, zimeoshwa, zinang'aa. Albin alizipokea, akanunua kufuli. Sasa aliona wiki mbili za safari mbele yake, na Gorazd ana ufunguo wa nyumba, na kufuli lenyewe si la maana sana. Akaamua chupa zote ziende baharini.

Alijaza makabati. Alijaza chini ya kitanda. Alijaza choo, kwa kuwa kulikuwa na msitu. Hinko alichungulia mlangoni.

"Jirani, unahama?"

"Naenda baharini."

"Wakroatia wana maduka, bwana."

Maneno hayo Albin mwenyewe alikuwa akimwambia Pavla kila Septemba, akisimama hapohapo alipokuwa amesimama Hinko. Na jibu lilikuwa moja kila mwaka.

"Wana bitiruti yake?" Albin akasema.

Hinko akarudi kwake.

Betri za zamani zilipaswa kupelekwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, na yadi ilikuwa njiani. Mwenye yadi alikuwa Brigita, mjane wa makamo mwenye sigara isiyowashwa mdomoni. Alikuwa na mizani ya magari makubwa, na kila gari-nyumba la bonde lile lilipita pale kabla ya safari, kwa sababu leseni za watu wengi haziruhusu zaidi ya tani tatu na nusu, na polisi wa barabarani Septemba hawana kazi nyingine. Hinko, aliyekuja kushuhudia ushindi wa jeli, alieleza kuhusu Mjerumani aliyeteremshiwa mashine ya kufulia kando ya barabara, akaketi juu yake hadi jioni.

Albin akapanda mizani akiwa kwenye usukani. Brigita akatazama namba dirishani, akaitoa sigara mdomoni.

"Albin, umebeba nini humo? Reli?"

Alikuwa amezidi, tena si kidogo. Brigita akauliza wanasafiri wangapi. Albin akainua kidole kimoja. Brigita akasema mbona basi, miaka yote walipima wakiwa wawili na walipita. Kisha akasikia alichokisema, akairudisha sigara mdomoni.

Hinko akasogea dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Nafasi yake umeshaijaza, jirani. Umeijaza ikapitiliza."

"Ni vitu vyake," Albin akasema.

"Basi teremsha nusu. Mimi nitakutunzia."

Albin akakitazama kitambi cha Hinko.

"Kama chupa hazishuki," Brigita akasema, "zishushe hizo betri. Hakuna nyepesi kuliko hizo?"

Ikawa siku mbaya ya Hinko. Alizirudisha jeli dukani kimyakimya, na lithiamu akaibeba yeye, moja tu iliyotosha mahali pa mbili, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa mkoba wa mama mkwe mbele ya watu. Bei yake ilimfanya Albin aombe kiti. Muuzaji akasema chaja ya zamani haitaielewa betri hii, kwa hiyo wakachukua na chaja.

Jumamosi Gorazd alikuja kuifunga. Alilala chali chini ya benchi, na kila alipotaka kunyoosha mguu uligonga chupa. Alipotoka aliyafungua makabati, akatazama chini ya kitanda, akafungua choo. Albin alingoja acheke. Gorazd hakucheka. Aliwasha taa ya juu ya meza, ikawaka nyeupe, akasema, "Imekaa vizuri, baba," akatoka nje.

Wakaenda kwa Brigita, Gorazd akifuata na gari lake, Hinko akiwa ndani ya gari la Gorazd kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Albin akapanda mizani. Brigita akachungulia namba.

"Tani tatu na nusu kamili," akasema. "Usinywe maji njiani."

Hapo ndipo Gorazd alipofungua buti ya gari lake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye taulo. Akakileta dirishani kwa baba yake. Ilikuwa chupa ya jamu ya plamu, imejaa, mfuniko haujaguswa, maandishi ya Pavla ubavuni.

"Ya tatu," Gorazd akasema.

"Nilidhani mmeila."

"Watoto walikula zile mbili. Hii niliificha. Nimejaribu kuifungua, baba. Sikuweza."

Albin akaishika chupa kwa mikono yote miwili. Alimtazama mwanawe, akatazama mbele. Kisha akaiweka kwenye kiti cha pembeni, kiti cha Pavla, akaifunga mkanda.

Brigita akagonga kioo cha ofisi yake. "Mmeweka nini tena? Imezidi!"

Wakasema ni chupa moja tu. Brigita akaja nje. Akaeleza kwamba mizani yake haihesabu kilo mojamoja. Inaruka ishirini ishirini, na walikuwa wamekaa ukingoni. Chupa hiyo ndiyo imeirusha. Hinko akapendekeza watoe gurudumu la akiba, Gorazd akakataa. Akapendekeza wamwage maji ya tangi. Tangi lilikuwa tupu. Akasema basi chupa moja ibaki, si kitu, chupa moja tu. Baba na mwana wakamgeukia pamoja, na kwa mara ya kwanza Hinko akaona wanavyofanana.

Malori ya chuma yalianza kupanga foleni.

Albin aliichukua ile chupa kitini. Aliizungusha mara moja. Kisha akaukamata mfuniko kwa vidole alivyobakiwa navyo, akasokota, ukalia *po*.

"Kuleni," akasema.

Brigita alileta mkate na vijiko. Albin akanyoosha mkono dirishani, Brigita akauzuia.

"Wewe huli. Wewe dereva. Ukila, jamu inarudi garini."

Ikabidi wale wengine wafanye kazi hiyo, wamesimama kando ya mizani, mbele ya foleni ya malori. Hinko alikula kwa kutii sheria, vipande vikubwa. Gorazd alikula taratibu, akifuta macho kwa taulo na kusingizia vumbi la yadi. Albin alikaa kwenye usukani akiwatazama midomo.

Ilipobaki kidogo chini, Gorazd akasimama. Akaitazama chupa, akampa baba yake pamoja na kijiko.

Albin akamtazama Brigita.

Brigita akaingia ofisini, akazima mizani. "Tuko mapumziko ya chakula," akaliambia lori la kwanza.

Albin akala. Alikiweka kijiko mdomoni akakiacha humo kwa muda.

"Karafuu," akasema.

"Mdalasini, baba," Gorazd akasema. "Mama alitia mdalasini."

"Karafuu. Alizihesabu. Alikuwa akinituma dukani, akasema zisiwe za pakiti nyekundu, za pakiti nyekundu hazina harufu, na mimi nikaleta za pakiti nyekundu, akanirudisha. Mara ngapi alinirudisha! Mdalasini ulikuwa wa tufaha. Wewe ulikuwa unapenda ya tufaha ndiyo maana unachanganya."

Hinko alisahau kumeza. Hakuwa amewahi kumsikia jirani yake akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na Albin hakuwa amemaliza. Alieleza habari za plamu, kwamba zisiwe za mti wa juu, ziwe za ule wa karibu na banda, na ziive kabisa mpaka ngozi ikunjamane. Na kwamba akirudi zitakuwa tayari, na Gorazd aje na watoto na asije na mdalasini. Gorazd akasema atakuja na vyote viwili, karafuu na mdalasini, waone. Albin akasema tutaona.

Malori yakaanza kupiga honi. Brigita akaiwasha mizani, akatazama namba, hakusema namba gani, akampungia Albin mkono ashuke mizanini, aende zake baharini.