Mawe Mekundu ya Mzee Machibya

Limi alikuwa mama lishe wa Mikumi, anayewapikia madereva ugali na maharage kando ya barabara kuu. Baba yake, mzee Machibya, aliwahi kuchimba rubi, mawe mekundu ya thamani, huko Mahenge kabla hajahamia Magole kulima na kufuga. Alipofariki, mawe aliyokuwa ameyahifadhi hayakuonekana, na wadogo zake Limi wakageuka paka na chui. Obed, aliyekuwa akilima miwa Kidodi, alisema Kulwa ameyaiba. Kulwa, aliyebaki Magole na mzee, aliapa kwamba mwizi ni Obed. Kwa miaka mitatu hawakusalimiana.

Msimu uliopita mchwa waliangusha kihenge cha zamani cha kuhifadhia nafaka, na Limi akaenda Magole kusaidia kukiondoa. Chini ya magogo jembe lake liligonga kopo la maziwa ya unga. Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na mawe mekundu tisa.

 Akampigia Obed simu aje, akamwita Kulwa kutoka zizini.

“Tisa?” Obed alifoka alipofika. “Baba aliniambia saba!”

“Mimi aliniambia kumi na mawili,” Kulwa akasema. “Matatu yako wapi?”

“Na haya mawili yaliyozidi yametoka wapi?” Obed akauliza.

Limi aliwatazama. Kwa hiyo nani kaiba nini? Kisha akakumbuka miezi ya mwisho, mzee alivyokuwa akimwita kwa jina la mama yao, akiulizia ng'ombe waliokwishauzwa zamani.

“Baba alikuwa anasahau,” alisema taratibu. “Huenda aliyaficha mwenyewe, akasahau wapi. Akasahau hata idadi.”

 Kulwa alikaa chini, akajifuta uso kwa shati.

“Nilikuita mwizi msibani, mbele za watu,” alimwambia kaka yake.

“Uliniita.”

Waligawana mawe sawa kwa sawa. Obed alichukua matatu yake, akawasha pikipiki. Limi alimbembeleza ale kwanza. Obed akasema safari ni ndefu. Ila kabla ya kuondoka alimpa Kulwa mkono, haraka, bila kumtazama.

Limi alirudi Mikumi na matatu yake. Anageuza ugali huku akijiuliza: mzee alisahau kweli, au kuna aliyedanganya kuhusu hesabu? Wa kumuuliza ameshazikwa.