Nusu Msemo Mgongoni

Qiu Delin alikuwa fundi wa baiskeli za umeme mjini Fushun, na wa kwanza kukuambia kwamba hajawahi kumaliza kitu alikuwa yeye mwenyewe. Alianza kujifunza fidla ya nyuzi mbili, akaishia kwenye kukaza nyuzi. Alianza kukimbia alfajiri, viatu vikazeeka bila kuchakaa. Sigara aliziacha mara nyingi sana hivi kwamba, kwa maneno yake, kuacha ndiyo kazi pekee aliyodumu nayo.

Alipouacha mtihani wa udereva katikati akarudi nyumbani kwa miguu, mkewe Suqin alimtazama juu ya bakuli la tambi.

"Baba Yun, mama yako alikuzaa mzima kweli, au alikuacha njiani ukatoka mwenyewe?"

Delin alicheka hadi tambi zikampalia. Lakini neno lile lilimkaa moyoni. Fidla unaweza kuiuza, alifikiri, na viatu unaweza kuvificha uvunguni. Ngozi je? Utaiachia wapi?

Akaenda kwa Ning, mwanamke mchora tatuu mwenye kibanda nyuma ya soko la mboga. Alichagua msemo wa kale ambao kila mtoto wa shule anaujua, wa herufi nne za Kichina, kila moja neno zima: mbili za juu zinasema mtu amepindwa mara mia, mbili za chini zinasema hata hivyo hakusalimu amri.

"Anzia shingoni, teremka hadi kiunoni," alisema. "Kubwa. Hata kipofu azione."

Herufi ya kwanza aliivumilia kwa kumsimulia Ning habari za betri. Ya pili alinyamaza. Sindano ilipogusa uti wa mgongo kuanza ya tatu, alijikuta amesimama, shati mkononi.

"Kaka, bado nusu!"

"Najua, mdogo wangu. Nakwenda kunywa maji."

Hakurudi. Taabu ni kwamba mji ule una baridi, wanaume huoga hamamu, kwenye bafu la pamoja, na hamamu hakuna pa kuficha mgongo. Guan, mzee wa kusugua waogaji migongo, alimlaza kifudifudi, akammwagia maji, akasoma kwa sauti.

"'Amepindwa mara mia.' Halafu?"

"Halafu akaenda nyumbani," Delin alijibu.

Waliokuwa kwenye hodhi wakaangua kicheko, naye akacheka kuwashinda wote. Tangu hapo akawa anaingia na kujitangaza mwenyewe: mgongo pekee Fushun nzima usiosema uongo.

Kisha binti yake Yun akachumbiwa. Baba wa kijana, Bwana Tao, mstaafu wa reli asiyetabasamu ovyo, angekuja kutembea, na mgeni kama huyo lazima apelekwe hamamu. Delin alikosa raha. Siku mbili kabla ya ugeni alirudi kwa Ning, akauma taulo, akavumilia herufi ya tatu hadi mwisho. Kwenye ya nne aliomba maji.

"Maji yapo hapa hapa," Ning alisema, akimwonyesha chupa.

"Mimi hupenda ya nyumbani," alisema Delin, tayari mlangoni.

Kidonda kibichi hakiingizwi majini. Basi Bwana Tao alijitosa kwenye hodhi, mwenyeji wake akabaki kwenye benchi, mgongo umebandikwa ukutani. Mvuke ulilegeza ukuta, au Delin mwenyewe, maana aliteleza, akageuka kujizuia, na mgeni akaona yote.

"'Amepindwa mara mia, hata hivyo haku…'" Bwana Tao alisoma polepole. "Haku nini, ndugu yangu?"

Delin alihisi masikio yakiwaka. Angeweza kusema mchoraji aliugua.

"Hakuvumilia," alisema. "Aliona sindano, akakimbia. Mara mbili."

Bwana Tao alizama hadi puani. Maji yakaanza kutikisika, na alipoibuka alikuwa akikohoa na kufuta machozi.

"Mwanangu aliniambia nyinyi ni watu wazito," alisema. "Nimekuja na tumbo limenibana njia nzima."

Walikula mishikaki ya kondoo, Bwana Tao akimsimulia kila aliyepita mezani kisa cha mgongo ule.

Harusi ilipita salama. Majira ya joto Ning alifunga kibanda, akahamia Dalian. Suqin alimletea mumewe habari hiyo kwa sauti ya kumpa pole. Delin aliinamisha kichwa kwa huzuni inayofaa, akatoka nje kwenda kununua bia baridi, na mwenye duka akamuuliza anasherehekea nini.