Uso Mwisho

Miezi saba baada ya kumzika mkewe, mtunza stoo wa chuo cha sanaa aligundua kwamba uso wa marehemu umeanza kumtoka. Sauti aliikumbuka, mwendo aliukumbuka, hata namna alivyokuwa akimsonya. Ila uso ulikuja nusunusu. Picha moja waliyokuwa nayo iliharibiwa na maji ya paa lililovuja, na marehemu kamera hakuipenda hata kidogo.

Cha ajabu, mwanamke huyo alichorwa kuliko mtu yeyote mjini. Miaka kumi na tisa alikaa mbele ya wanafunzi, mabega wazi, ametulia tuli, wao wakijifunza kuchora mwili wa binadamu. Wakambatiza Mama Tulia. Mumewe alicheka sana, maana kutulia kwenyewe kuliishia getini. Nyumbani alikuwa chiriku.

Basi asubuhi moja mume alifungua makabati ya stoo, akaanza kufunua karatasi. Alimpata. Mgongo ule ule, goti lenye kovu la moto, vidole vya miguu vilivyopinda. Lakini juu ya shingo palikuwa na duara tupu kama yai. Akafunua nyingine, yai. Alifika ya mia mbili, bado yai.

Alimfuata mwalimu wa uchoraji, mzee mwenzake, akamuuliza kulikoni. Mwalimu, kama kawaida yake, akaanzia mbali. Alisema wachongaji wa kale waliwapa wafalme wao miili ya vijana hata kama wenyewe walikuwa na vitambi. Wengine walichonga kichwa kikubwa kupita kiasi, kwa kuwa mtu mwenyewe yumo kichwani. Halafu wakaja waliopima kila kitu kwa rula, na chuo kikawafuata hao: urefu wa mwili uwe vichwa saba na nusu, kiwiliwili kwanza, uso mwisho.

"Na huo mwisho haukufika hata siku moja?"

"Tulikuwa tunaubakizia dakika tano za mwisho, ndugu yangu. Tukitaka kuanza tu, kengele inalia."

Mtunza stoo aliketi juu ya kreti. Kengele alikuwa akiipiga yeye. Mkewe alikuwa akirudi nyumbani analalamika mgongo, naye kwa huruma akaanza kuipiga dakika tano kabla ya wakati, bila kumwambia mtu. Aliona anamsaidia, na kweli alimsaidia. Sasa hapakuwa na wa kumlaumu.

Mwalimu alimhurumia. Akachukua penseli, akavuta mojawapo ya karatasi zile, akamwambia amwelekeze taratibu, yeye atamalizia.

"Tuanze na macho. Yalikuwaje?"

Mtunza stoo alifumba yake, akatafuta.

"Yalikuwa yananiangalia," alisema.