Mshenga wa Kigoma Mbele ya Kocha wa Kimarekani

Kilichonipeleka Australia ni simu moja ya shemeji yangu Eliza. Eliza, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi huko Kasulu, ni mjane wa mdogo wangu, na wakati huo alikuwa ameshakaa Sydney miaka mingi akifanya kazi ya kutunza wazee, yeye na binti yao Neema. Alituambia kwamba Neema anakaribia kumaliza sekondari, amekuwa mrefu kuliko milango ya nyumba, anacheza mpira wa kikapu kupita maelezo, na chuo kimoja cha Marekani kinamtaka. Kitamsomesha bure, kitamlaza na kumlisha, mradi awachezee.

"Kocha wao anakuja nyumbani kuongea na familia," alisema. "Marehemu hayupo. Ningependa upande wa baba awepo mtu."

Maneno hayo ya mwisho yalinivimbisha kichwa. Watu wa mbali wanakuja nyumbani kumtaka binti yetu! Kwa shughuli ya namna hiyo, Kigoma nzima hakuna wa kunizidi. Mimi ni mshenga. Nimepeleka posa Ujiji, Kasulu, Uvinza, hata ng'ambo ya ziwa huko Kalemie, na vijana wenye sura za kutisha nimewapatia wake wazuri. Safari hii, kwa mara ya kwanza, ningekaa upande wa binti, na nilikumbuka vizuri jinsi upande huo ulivyokuwa ukinitesa: kukalishwa, kuzungushwa, kuambiwa nirudi wiki ijayo. Niliona zamu yangu imefika.

Kikao cha ukoo hakikuchukua muda. Dada yetu mkubwa, ambaye kwetu ndiye mwenye neno la mwisho, aliniambia, "Nenda. Usimtoe kirahisi." Eliza na watu wa kanisa lake walichangishana tiketi, nami nikashonesha suti.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam nilisafiri kwa treni, na kabla hatujafika Dodoma behewa zima lilikuwa linajua kwamba nakwenda kupokea posa ya chuo kikuu. Mama mmoja aliuliza chuo chenyewe kinaoaje. Nilimjibu kwamba mambo ya kimataifa ni magumu kueleza, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui. Ndani ya ndege nilijifungia chooni nikafanya mazoezi ya kukunja uso mbele ya kioo, ule uso wa mzee asiyeshawishika. Nilikuwa nimeanza kuupatia pale abiria mwenzangu alipogonga mlango, akauliza kama ninaumwa.

Uwanja wa ndege wa Sydney ulinipokea kwa mbwa. Mbwa mdogo, mpole, alikuja akakaa kando ya begi langu na hakutaka kuondoka. Afisa aliyeongozana naye alifungua begi, akakuta dagaa niliomletea shemeji, dagaa wa kuchagua mmoja mmoja. Nilimweleza habari za ziwa letu, habari za mjane, habari za mila za wageni. Alinisikiliza kwa adabu sana, kisha akawatia dagaa wote kwenye pipa. Hayo yakawa mazungumzo yangu ya kwanza ya kutetea ukoo katika nchi ile.

Campbelltown, kitongoji cha Sydney walikokuwa wanakaa, ni mbali na mji wenyewe. Tulikaa ndani ya treni mpaka nikadhani tunarudi Afrika. Eliza alikuwa anakaa katika nyumba ya serikali yenye uwanja mdogo nyuma, na mlangoni alisimama Neema, ambaye nilimwacha mtoto wa kubebwa mgongoni. Ilibidi nimwangalie kama mtu anayetafuta embe bichi juu ya mti. "Shikamoo, Baba mkubwa," alisema vizuri kabisa. Baada ya hapo kila nilichomuuliza kwa Kiswahili alikielewa, na kila alichonijibu alikijibu kwa Kiingereza.

Jumamosi walinipeleka kumwona akicheza. Sikujua sheria hata moja, nikapiga makofi kila mpira ulipoingia, mpaka Eliza akaninong'oneza kwamba nawashangilia wapinzani. Lakini Neema alipopokea mpira na kugeuka, nilimwona mdogo wangu marehemu, mabega yake yale yale. Nililia, na nikasingizia vumbi ndani ya ukumbi uliokuwa unang'aa.

Siku ya kuja mgeni, Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Neema alinifuata nikipiga pasi suti. "Uncle, nikueleze kidogo mambo ya ofa ya chuo yanavyokwenda?" aliuliza kwa Kiingereza chake. Nilimwambia asihangaike, aende akaoge, mambo haya wakubwa wanayajua.

Mchana gari lilisimama nje, akashuka mwanamke mmoja mwenye raba na fulana ya michezo. Nilichungulia nyuma yake kuona wazee wake wako wapi. Hawakuwepo. Kocha mwenyewe, Linda, alikuwa amevuka bahari peke yake, bila mjomba wala shangazi, kuja kuomba binti wa watu. Nilimsikitikia, kisha nikaukunja uso kama nilivyofanya mazoezi.

Kwetu binti hakai sebuleni anapozungumzwa. Kwa hiyo Neema nilimpeleka jikoni na sinia la mandazi, nikamwagiza asitoke mpaka aitwe. Kocha aliuliza kama Neema atajiunga nasi. Nilimjibu, kwa Kiingereza changu cha shule ya misheni, kwamba kila kitu kina wakati wake.

Akaanza kueleza. Timu yake ina nafasi moja ya mchezaji mrefu. Amewaona wasichana watatu Australia, na Neema ndiye anayempenda zaidi. Saini zenyewe ni Novemba, lakini angependa kusikia neno la familia mapema, kwa sababu Jumatatu anapanda ndege kurudi kwao.

"Tumekusikia," nilisema. "Ila binti yetu bado mdogo. Asubuhi ni mzito kuamka. Huo mpira wenyewe bado anajifunzajifunza."

Msomaji wa nyumbani ananielewa. Hakuna mzazi mwenye heshima zake anayemsifia binti yake mbele ya mposaji. Wewe unamshusha, mwenzako anakataa, anampandisha, na hapo ndipo mazungumzo yanaponoga. Nikasubiri Kocha Linda akatae. Badala ya kukataa, aliandika.

"Shemeji..." alianza Eliza.

"Tulia, shemeji. Hii ndiyo kazi yangu."

Nikaendelea kumwambia kocha kwamba ukoo wetu ni mkubwa na haukurupuki. Aende salama, arudi siku nyingine, na akirudi aje na wazee wake. Kocha alimtazama Eliza, akautazama mlango wa jikoni, akatushukuru kwa ukarimu na kuondoka. Soda yake aliiacha nusu. Mimi nilijiegemeza kwenye kochi nikiwa nimeridhika kabisa, maana kwa hesabu zetu mposaji akitoka na wasiwasi, kazi imekwenda vizuri.

Neema alitoka jikoni na sinia lake la mandazi. "Ameondoka?"

"Atarudi," nilimwambia.

"Harudi, Uncle." Aliweka sinia chini taratibu. Kisha, yeye kwa Kiingereza na mama yake kwa Kiswahili, walinifundisha kile nilichokataa kufundishwa asubuhi. Kocha mwenye nafasi moja huwaahidi wasichana kadhaa kwa mpigo. Ahadi ni ya mdomo tu mpaka siku ya kusaini. Wa kwanza kusema ndiyo ndiye anayechukua nafasi, na wengine wanapigiwa simu ya pole.

"Yaani anaposa watatu, anaoa wa kwanza kujibu?" niliuliza.

"Uncle, hakuna anayeolewa!" Neema alipiga kelele, akaingia chumbani na kufunga mlango. Tulimsikia analia. Eliza hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mimi ile shahada siwezi kumlipia, shemeji. Hata nikiongeza shifti namna gani, siwezi." Halafu akavaa sare yake akaenda kazini.

Jumapili asubuhi tuliondoka Campbelltown mimi na Neema, kwenda katikati ya mji kumtafuta kocha hotelini kwake. Tangu nianze ushenga sijawahi kuona upande wa binti ukimfukuzia mposaji. Nilikuwa wa kwanza, tena kwa treni, tena kwa suti. Neema alikaa akitazama dirishani stesheni baada ya stesheni. Mwisho, kwa kutaka kufaa kwa lolote, nilimwambia kwamba katika kazi yangu lipo swali moja linalonitoa jasho kila ninapoulizwa: binti yetu akiugua huko kwenu, mtamfanyaje? "Wengine wanauliza ng'ombe," nilisema. "Wenye akili wanauliza hilo." Aliendelea kutazama dirishani.

Tulimkuta Kocha Linda anakunywa chai. Nilisimama mbele yake nikaomba radhi kwa hotuba ndefu, nikakanusha uzito wa kuamka, nikakanusha kujifunzajifunza, nikamsifia Neema mpaka wahudumu wakageuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anasikitika, lakini nafasi haipo tena. Msichana wa Penrith, kitongoji kingine cha Sydney, mmoja wa wale watatu, alisema ndiyo jana jioni, pale pale mezani kwao.

Nilikaa bila kukaribishwa.

"Nilidhani hutaki," kocha alimwambia Neema. "Ulikuwa jikoni. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyeniambia kwamba wewe unataka kuja."

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Neema.

Hakunitazama aliposema hivyo, na ingekuwa nafuu kama angenitazama. Nilikuwa nimevuka bahari kumsemea mtoto, na nilikuwa sijamuuliza hata mara moja anataka nini. Niliona aibu.

Kocha alifikiri kidogo. Akasema ana rafiki yake anayefundisha timu ya chuo kidogo cha miaka miwili, mahali pasipojulikana sana, na rafiki huyo bado anatafuta mchezaji mrefu. Masomo, chakula na malazi ni bure hapo pia. Akicheza vizuri na kufaulu, vyuo vikubwa vitamfuata kumalizia shahada. Kama Neema anataka, atampigia huyo rafiki leo hii.

"Nikiumia goti," aliuliza Neema, "masomo yangu yanakuwaje?"

Kocha aliweka kikombe chini. Alisema ukweli: kwao ufadhili unatolewa mwaka mmoja mmoja, na si kila kocha anamshikilia mchezaji aliyeumia. Huyo rafiki yake anawashikilia, lakini Neema amuulize mwenyewe na atake jibu la maandishi. "Wasichana wengi hawaulizi hilo," alisema. "Nani kakufundisha?"

Neema alininyooshea kidevu. Kichwa changu, ambacho kilikuwa kimenywea kabisa, kilivimba tena kidogo.

"Basi, nimpigie?"

"Nipe mpaka Jumatano," Neema alijibu.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. "Sema ndiyo!" nilimnong'oneza. "Mtoto, sema ndiyo, kuna mtu Penrith!" Kocha Linda, ambaye Kiswahili hakijui, alicheka mpaka chai ikampalia. Akasema Jumatano inafaa.

Katika treni ya kurudi nilimuuliza. Sikuzunguka, na nadhani ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusema nikiwa na suti. "Neema, wewe unataka kwenda?"

Alinijibu kwa Kiswahili. "Nataka, Baba mkubwa. Nataka sana. Lakini naogopa. Mama atabaki na nani?"

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka Campbelltown.

Jumatano Neema alimwandikia Kocha Linda ampigie rafiki yake, na siku hiyo hiyo huyo kocha wa pili alipiga simu; Neema alizungumza naye mwenyewe sebuleni, Eliza akiwa kando yake. Mimi, mwakilishi wa ukoo, nilikuwa nyuma ya nyumba naanika suruali zangu. Niliposikia Eliza anapiga vigelegele vya Kirundi nilijua amesema ndiyo, nikaangusha kapu lote la nguo kwenye nyasi. Jibu la maandishi kuhusu goti lilifika kabla sijaondoka, na nilisomewa mara mbili kwa ombi langu.

Kigoma walinisubiri kwa hamu, na habari za behewani zilikuwa zimenitangulia. Sebule ya dada yetu mkubwa ilijaa. Niliwaeleza yote kama ninavyoyaeleza hapa, dagaa, jikoni, soda iliyobaki nusu, na walinicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mjomba mmoja alitaka kujua mwishowe niliwapa Wamarekani jibu gani.

"Sikuwapa," nilisema. "Nilimuuliza Neema."

"Akasemaje?" aliuliza dada.

"Kwamba anataka, na kwamba anaogopa."

Dada yangu, aliyeozwa kabla hajamaliza darasa la saba na sasa ana wajukuu, alikuwa anakunja kitenge chake magotini. Alikikunja mpaka kikawa kidogo kabisa.

"Mimi sikuulizwa," alisema.

Mimi, ninayejulikana mji mzima kwa maneno, nilisogea tu nikakaa kando yake.