Mume Wangu na Joto la Dari

Nyumba yetu ya Kinoo ilikuwa ya mabati, na baridi ya Julai huko haina huruma. Mume wangu, karani wa ofisi moja katikati ya mji, akaamua kutandika kitu darini ili joto lisitoroke. Kwa kuwa hakuwa amewahi kushika nyundo, alijua kila kitu.

Utafiti ulichukua wiki tatu. Akitoka kazini alipitia madukani na kurudi na sampuli mfukoni. Pamba ya kioo inawasha, alitangaza, na kweli ilimwasha, maana alijisugua nayo mkononi kuhakikisha. Yale mapovu meupe yanayofungiwa televisheni mpya yangeshika moto. Trei za mayai alizopewa na jirani mfuga kuku zilinuka. Hakuna kilichomfaa mtaalamu wangu.

Mimi haja yangu na dari ilikuwa katoni moja tu. Marehemu mama alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, kwenye darasa la ngumbaru kanisani, na madaftari yake yote niliyaweka huko juu, mbali na watoto na maji. Niliamini hapakuwa na mahali salama zaidi. Wataalamu tulikuwa wawili.

Jumamosi moja nilitoka sokoni nikakuta kazi imekwisha, bwana anatembea sebuleni miguu mitupu. Nikampongeza. Wiki nzima wageni waliusifu ustadi wake, naye hakuwanyima maelezo.

Kisha binti yetu, aliyekuwa darasa la kwanza, akataka kuona mwandiko wa nyanya yake. Nikapanda ngazi na tochi ya simu.

Katoni ilikuwa tupu. Madaftari yalikuwa yamechanwa kurasa moja moja, zikapangwa darini tabaka juu ya tabaka, zikagandishwa kwa uji wa ngano. Ukurasa wa juu ulikuwa na mstari wa herufi "a" kubwa kubwa, zimelegea, na chini yake mwalimu ameandika: "Vizuri. Jaribu tena." Nilipojaribu kuubandua ukachanika.

"Baba watoto, umefanya nini na madaftari ya mama?"

"Zile karatasi? Si zilikuwa za zamani tu," akajibu kutoka chini. "Lakini si unaona vile nyumba imeshika joto?"

Nikashuka nikaketi sebuleni na sweta yangu, nikalia. Baada ya dakika tano ilinibidi niivue.