Neno Lililoezua Bweni

Bweni letu liliezekwa kwa nyasi, na nyasi zile zilikuwa na wenyeji wake. Adhuhuri moja nyoka alidondoka juu ya kitanda nilichokuwa nikilala na mwenzangu, tukiwa tumesimama pale pale tunakunja shuka. Mzungu mkaguzi wa shule, ambaye kwa bahati mbaya alikuja juma hilo hilo, alionyeshwa mzoga wa nyoka yule tuliyemuua. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akamwambia Mama Mkuu kwamba bweni lisipopata bati na saruji, wasichana warudi makwao.

Mama Mkuu alikuwa mtawa wa Ulaya, mfupi, mwenye Kiswahili cha kukimbilia mbele ya sarufi. Sijapata kumwona ameduwaa vile. Lakini hakuwa mtu wa kulia. Alishuka mjini, mtaa wa Mirongo, kwa mfanyabiashara Mhindi aliyeuza mabati, akabembeleza bei mpaka yule bwana akaomba apumzishwe. Bei ikashuka, ila bati halinunuliwi kwa sala tupu. Ndipo alipokata shauri kwenda Kisesa kuwaomba wenye ng'ombe.

Mkalimani nikawa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Msukuma wa kuzaliwa, na Kiswahili cha shule nilikiongea kwa maringo. Nilitembea nyuma ya Mama Mkuu nikijiona bibi wa maana kweli kweli.

Mzee tuliyemwendea alikuwa tajiri wa mifugo. Zizi lake lilikuwa kubwa kuliko uwanja wetu wa shule. Nilipiga magoti nikamwamkia, naye akatupatia vigoda.

"Mzee," Mama Mkuu alianza, "mimi nina mabinti wengi. Wanateseka. Nimekuja kukuomba mchango wa ng'ombe."

Hapo nikakwama. Kuchanga kwetu tulikujua: watu huchanga chakula, huchanga nguvu za kulima. Lakini mchango wa ng'ombe, mgeni anakuja tu na kuondoka na ng'ombe wa mtu? Sikuwa na neno. Mzee alinitazama akingoja, Mama Mkuu alinitazama akingoja, na mimi niliona aibu ya kuonekana sijui. Nikalitumia neno tunalowaitia ng'ombe wanaotolewa kwa ajili ya binti. Niliona ndilo neno pekee ninalolijua linaloweza kumtoa ng'ombe zizini kwa hiari.

Mzee akanipima kwa macho toka utosini mpaka miguuni. Kisha akanielekezea kidole. "Na huyu?"

"Huyu ni mmoja wao," Mama Mkuu akajibu kwa furaha nilipomfasiria. "Msichana mzuri. Ana bidii, anajua kushona."

Nilitafsiri sifa zangu mwenyewe, nikiinamisha kichwa kama ilivyo adabu.

"Anataka wangapi?"

"Mwambie, kadiri ya moyo wake."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alisema hajapata kumwona mama asiyejua bei. Sentensi hiyo sikuitafsiri. Akatoa ng'ombe kumi na wawili, mbele ya ndugu zake wote kama mashahidi, na Mama Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kulia, akalia. Akamvisha mzee medali ya Bikira Maria. Ndugu wakapiga makofi.

Ng'ombe waliuzwa mnadani. Fundi mmoja Mwislamu wa pale mjini alikuja na wanawe, wakaezua nyasi, wakapigilia mabati. Bweni liling'aa hata wavuvi ziwani wakawa wanalitumia kujua walipo. Usiku wa kwanza tulikuwa tunasubiri mvua kama watu wanaosubiri ngoma.

Asubuhi moja, mvua yenyewe haijaja bado, tukasikia vigelegele barabarani. Wanawake kama kumi na watano waliingia shuleni, mbele yao dada yake yule mzee wa Kisesa, mkononi kibuyu cha siagi na kaniki mpya. Mama Mkuu akadhani wamekuja kuona kazi ya ng'ombe wao. Akawapokea kwa mikono miwili, akawaingiza bwenini, akawaonyesha dari, madirisha, vitanda.

"Kitanda chako ni kipi?" yule mama mtu mzima aliniuliza kwa Kisukuma. Sikujua kwa nini anauliza, nikamwonyesha. Mara wanawake wawili wakaanza kufunga nguo zangu kwenye shuka.

"Wanafanya nini?" Mama Mkuu aliniuliza. "Wanasema nini?"

"Wanasema wamekuja kumchukua mke wa kijana wao."

"Mke yupi?"

"Mimi, Mama."

Nilikuwa nimejichumbia kwa kinywa changu mwenyewe, neno kwa neno, na sifa nikazitia. Mama Mkuu aliketi juu ya kitanda changu na mwenzangu, uso mweupe kama chokaa, akawa anarudia, "Hapana. Hapana. Hapana."

Wanawake walikubali kungoja mpaka baba yangu aitwe. Nilijipa moyo: baba atanitetea. Baba alifika siku ya pili, vumbi mpaka magotini, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani amekula ng'ombe wa binti yangu?" Alipoambiwa ni bati lile juu, alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema mji ule wa Kisesa ni mji mzuri, ng'ombe wakishapokelewa wamepokelewa, mimi niende, na shule itamlipa yeye polepole. Nilimtazama baba yangu mzazi nisiyaamini masikio yangu. Mpaka leo, na baba mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, siku hiyo bado inanichoma.

Mama Mkuu akamtuma mtu akamwite fundi.

"Ezua," alimwambia.

Fundi alidhani Kiswahili kimempotea Mama Mkuu. "Ezeka, Mama?"

"Ezua!"

"Mama, nimeezua nyumba za marehemu, nimeezua za waliohama. Mwenyewe akiwa hai amesimama chini namna hii, sijawahi." Lakini alipanda, akang'oa msumari mmoja mmoja, na kila msumari uliokwaruza tuliusikia menoni.

Mzee wa Kisesa alikuja mwenyewe kuona maajabu hayo. Alisimama kando ya mabati yaliyopangwa chini, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake, "Mayu, mama yetu, ng'ombe akifa, mwenyewe anapewa ngozi. Basi nipe ngozi yangu." Vijana wake wakayabeba vichwani mpaka Kisesa, na baba yangu akaondoka bila kuniaga.

Tukarudia nyasi, huku tukiomba mkaguzi asirudi upesi. Mvua ya kwanza ilipiga saa nane mchana, tuko kwenye somo la kushona, tukakimbia kuokoa magodoro. Mwenzangu wa kitanda alikamua shuka letu, akaniambia bila hasira hata kidogo, "Ungeenda tu." Nikashika ncha ya pili ya shuka, nikakamua naye.

Mama Mkuu alijilaumu yeye na Kiswahili chake mbele ya shule nzima. "Mtoto huyu hana kosa," alisema, na mimi nikanyamaza. Akaapa hatatumia mkalimani tena. Akanunua daftari, akaanza kujifunza Kisukuma kwa kutuuliza maneno: jembe, mvua, ndama. Tulimcheka anavyotamka.

Siku moja alinikuta ufukweni tunafua. Akaketi juu ya jiwe, akafungua daftari.

"Ng'ombe wanaotolewa kwa ajili ya binti, mnawaitaje?"

Nikamwambia.

Aliliandika. Kisha akalisoma polepole, mara mbili, na nikaona kalamu imesimama. Alikuwa amelisikia neno hilo kabla. Alilisikia Kisesa, kutoka kinywani mwangu, pale alipokuwa amesema mchango.

Nilingoja aniulize. Sabuni iliniponyoka ikazama. Alinitazama kwa mshangao ule ule wa siku ya vigelegele, akafumba daftari, akageuka kutazama ziwa upande mawingu yalikotokea.

"Chukua ndoo," alisema. "Mvua inakuja, na bweni linavuja."

Nikachukua ndoo.